Fomu ya Ruzuku

Fomu ina kurasa kumi na nne.
Niliijaza usiku kwa tochi ya simu,
daftari la mahudhurio likiwa chini yake
ili kalamu isitoboe karatasi.

*Eleza tatizo. Maneno yasizidi mia mbili.*

Tatizo lina upana wa kwato mbili za mbuzi:
ndiyo nafasi iliyobaki
kati ya lami ya kwenda Malaba na mtaro.
Hapo hupita shule nzima,
mmoja nyuma ya mwenzake, chupa za uji mkononi,
na lori likipita, sweta zote hulalia upande mmoja
kama mafunjo ya kinamasi.

Walitaka takwimu. Nikahesabu.
Jumanne, saa moja hadi saa mbili asubuhi,
nimekalia ndoo mbele ya duka la Owori:
malori sitini na matatu, tisa ya saruji;
bodaboda, hesabu ilinipotea kwenye mia mbili;
baiskeli ishirini na nane.
Moja ya Amoding wa darasa la tano,
ya babake, ndefu kumshinda,
kwa hiyo amepenyeza mguu ndani ya fremu
na mwili wote umening'inia kushoto
kama gunia lililofungwa kwa haraka.
Nyuma, kwenye keria, mdogo wake
ameshika shati la dada kwa meno.
Mikono ina vitabu.

Fomu haikuwa na kisanduku cha meno.

*Idadi ya wanufaika.*

Daftari linasema mia tatu na arobaini.
Nikaandika mia tatu arobaini na mmoja.

Wiki ya tatu simu ikaja kutoka Kampala,
Bi Kyomugisha, sauti ya mtu aliyelala vizuri:
Mwalimu, tarakimu hazilingani,
ukurasa wa nne na ule wa tisa.
Nikasema, ni kalamu.
Kisha nikasikia mdomo wangu ukiendelea peke yake:
Ekisa, darasa la pili,
mwezi Machi, pale penye kalvati,
saa kumi na nusu, alirudi kuokota ndala.
Jina lake sijalikata.
Kila asubuhi nafika kwenye mstari wake
na darasa linanyamaza lenyewe,
halafu naita Emuron.

Upande wa pili, kimya. Kiti kikalia.
Nitasahihisha, akasema.
Akasahihisha ukurasa wa tisa.
Akaupandisha.

Fedha zilifika na mvua, pungufu,
kama ng'ombe wa mahari:
wametajwa wote, wamefika wachache.
Tulipata matuta mawili,
milia meupe ya pundamilia mbele ya lango,
na njia ya changarawe iliyoshindiliwa
mita mia sita na ishirini.
Kamati ilibishana hadi giza:
zilizobaki zinunue baiskeli za kimo cha mtoto
au nguzo za zege kando ya lami?
Nguzo zikashinda kwa kura moja, yangu.
Amoding bado ananing'inia,
ila sasa ananing'inia ndani ya nguzo.

Njia inakatika ghafla kwenye muhogo wa Othieno,
mita mia mbili kabla ya kalvati.
Mia mbili.
Nimezipima kwa miguu, kwenda na kurudi,
kana kwamba zitapungua.

Watoto hawakusoma bajeti.
Waliendelea mbele vilevile, mstari ule ule,
wakaingia shambani.
Siku ya kwanza Othieno alifoka.
Ya pili alifoka, lakini ameketi.
Ya tatu tulimkuta ameng'oa mstari mmoja wa muhogo
kutoka mwanzo wa shamba hadi kalvati,
mizizi bado michanga, nyembamba kama vidole.
Hakusema neno,
ila kwamba wafunge lango, mbuzi wasiingie.

*Eleza uendelevu wa mradi baada ya ufadhili kwisha.*

Nimeandika: mstari mmoja wa muhogo.

Bi Kyomugisha atapiga simu.
Nitamwambia aje mwenyewe, saa moja kamili asubuhi.
Ndoo nitamwazima.